Madishi 9 za Vegani Kutoka Matuga: Hakuna Nyama, Hakuna Maziwa, na Mfuko Haulii

Kama uko keja saa hii, mwezi umefika tarehe 20 na kwa mfuko umebaki na soo mbili, hii ni yako. Kama we ni ule msee ameacha nyama juu ya afya, wanyama, dini ama video za TikTok tu, pia ni yako. Na kama nyama bado unaipenda lakini bucha imekukataa mwezi huu, karibu, kiti kiko.

Nikuambie ukweli mapema: mimi si mpishi wa hoteli. Niliacha koleji mwaka wa pili juu ya fee, nikarudi Matuga kwa nyanya yangu. Kila dishi iko hapa nimeipika mwenyewe, zingine kwa jiko la makaa, zingine kwa meko ya kilo sita. Kuna zenye niliunguza mara mbili kabla zitoke fiti, so makosa nimeshakufanyia.

Vegani ni nini haswa?

Wasee huchanganya hapa. Kuna msee hali nyama lakini anakunywa maziwa na kula mayai. Huyo si vegani. Vegani hagusi kitu chochote kimetoka kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi, samli, hata asali. Jina lenyewe lilitengenezwa Uingereza mwaka wa 1944, wakati Donald Watson na wenzake walianzisha The Vegan Society.

Lakini kula hivyo ni kwa kitambo kuliko jina. Marasta wana ital yao, na wengi wao nyama hawaitaki. Waorthodoksi wa Ethiopia wakifunga wanaacha nyama, maziwa na mayai, ndio maana ukiingia mkahawa wa Kihabeshi hukosi mchuzi wa dengu juu ya injera. Na huku Pwani, maze, watu wamekula vegani miaka na miaka bila kujua wanaitwa hivyo. Walikuwa wanajua tu leo hakuna samaki.

Kwa nini Matuga?

Kama hujawahi kuja: unavuka feri Likoni, unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ng'ombeni na Waa mpaka Kombani. Hapo Kombani ukikata kulia unapanda mpaka Kwale mjini, huko Shimba Hills. Ukinyoosha unaenda Tiwi, halafu Diani kwa watalii. Matuga ni moja ya konstituensi nne za Kaunti ya Kwale. Zingine ni Kinango, Msambweni na Lunga Lunga. Wenyeji wengi ni Wadigo, mmoja wa makabila tisa ya Mijikenda, na wengi wao ni Waislamu.

Sasa angalia shamba la kawaida huku. Minazi, miembe, mikorosho, muhogo, mbaazi, kunde, mchicha unaota hata bila kuitwa. Hiyo yote ni stoo ya vegani. Cha kuchekesha, ukishuka Diani utapata menyu imeandikwa vegani kwa herufi kubwa, na ndani ni mboga, nazi na maharagwe yale yale nyanya anapakua kwa sahani ya bati. Tofauti ni bei na lile ua wameweka kando.

Na si kila kitu ni cha huku kwa asili. Muhogo na mahindi zilitoka Marekani ya Kusini na Kati, zikaletwa Afrika na Wareno. Mbaazi asili yake ni India. Kunde ndio mtoto wa nyumbani, imefugwa hapa hapa Afrika. Bahari ililetea Pwani viungo, Pwani ikaweka nazi juu. Ndio sababu dishi ya huku ina ladha bila mfupa ndani.

Ile siku nilianguka

Kabla ya mapishi, sikiza hii juu ndio imefanya niandike.

Nikiwa Nairobi nilijiita vegani karibu mwaka mzima. Ukweli ni nilikuwa nimesota. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana chipo, usiku chapo na chai tena. Hakuna nyama, sawa, lakini pia hakuna chakula. Nikaanza kuchoka bila kazi. Kupanda ngazi mbili moyo unapiga kama nimekimbizwa. Siku moja nikiwa kwa foleni, macho yakaingia giza na nikaenda chini. Kwa kliniki wakapima, wakasema damu iko chini na madini ya chuma yameisha mwilini.

Niliporudi nyumbani, nyanya aliniangalia viganja, akanivuta kope ya chini, akasema, "Mume wangu, wewe hukuacha nyama. Wewe umeacha kula." (Huku nyanya akikuita mume wake usishtuke, ni utani wa bibi na mjukuu.) Kliniki walinipea vidonge, nyanya akaongeza kunde, mchicha, mbaazi na ndimu. Nilimeza zote mbili.

So hii orodha si ya kuringa. Kuacha nyama ni rahisi, mtu yeyote akikosa doo anaweza. Kazi ni kujua unaweka nini pale nyama imetoka.

Vitu za kuwa nazo kwa keja

Huhitaji blenda ya maelfu. Tafuta hizi pole pole:

Mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma. Kama uko Nairobi na huna, kata nazi vipande na usage kwa blenda ya jirani. Chujio ama kitambaa safi cha kukamua tui. Sufuria mbili, karai moja, mwiko. Kwa viungo: manjano, binzari nyembamba, iliki, thomu, tangawizi, pilipili na chumvi. Kwa gunia: mbaazi, kunde, pojo (wale wa bara mnaita ndengu), mchele na unga.

Kukamua tui: vunja nazi iliyokomaa, si dafu. Kuna nyama yake, weka kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na uchuje. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudisha machicha, ongeza vikombe viwili vya maji, kamua tena. Hilo ni tui jepesi. Sheria ni moja: tui jepesi linapikia, tui zito linamalizia. Ukimimina tui zito mapema kwa moto mkali, linakatika na mchuzi unakaa kama maji na mafuta yamegombana.

Sasa twende jikoni.

1. Mbaazi za nazi

Hii ndio mfalme wa asubuhi Pwani.

Unahitaji vikombe 2 vya mbaazi kavu, nazi 2, kitunguu 1, pilipili mbichi 2, nusu kijiko cha chai cha manjano na chumvi.

Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mapya, chemsha mpaka mbaazi ikibonyezwa inapondeka. Ni kaa saa moja hadi moja na nusu, inategemea mbaazi ni nzee aje. Tia tui jepesi, kitunguu, pilipili, manjano na chumvi. Ikipungua, shusha moto, mimina tui zito na ukoroge pole pole dakika kumi hivi, usiache ichemke kwa fujo. Iwe nzito ya kushika hamri.

Ikibaki, usiku kula na wali. Mbaazi na mchele zikikutana zinajaziana protini, kila moja inaleta kile mwenzake amepungukiwa.

2. Mahamri

Wasee hufikiria mahamri na mandazi ni kitu moja. Mandazi ya vibanda vingi huwekwa maziwa na yai. Hamri la Pwani linakandwa na tui na kuumuliwa na hamira, kwa hivyo liko sawa kwa vegani.

Unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira ya chembechembe vijiko 2 vya chai, iliki iliyopondwa kijiko 1 cha chai, tui la vuguvugu kikombe 1 na kidogo.

Changanya vitu vikavu, ongeza tui kidogo kidogo, kanda dakika kumi mpaka unga uwe laini na usishike mkono. Funika, acha uumuke mpaka uwe mara mbili. Gawa madonge sita, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita, kata robo nne, halafu acha zipumzike dakika kumi na tano. Kaanga kwa mafuta moto huku ukimwagia mafuta juu kwa kijiko, ndio lifure na liwe na tumbo wazi ndani. Mafuta yakiwa baridi, hamri linayanywa yote, na utajua.

3. Muhogo wa nazi

Kilo moja ya muhogo, nazi 1, kitunguu, nyanya moja ukipenda, pilipili, chumvi.

Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na lile la ndani jeupe la pinki. Kata vipande, pasua katikati utoe ule uzi. Chemsha na maji mengi mpaka uive, halafu mwaga hayo maji. Sasa weka tui jepesi na viungo, ukikauka kidogo malizia na tui zito.

Sikiza hapa vizuri: muhogo ulio mchungu usicheze nao. Muhogo una kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu, na ule mchungu unayo nyingi. Ndio maana tunamenya, tunachemsha, tunamwaga maji. Ukionja kipande kichungu, tupa sufuria yote. Usione doo, ona maisha. Wakati wa Ramadhani hii dishi iko kwa futari ya nyumba nyingi huku, pamoja na viazi vitamu na ndizi za nazi, na wanaofanya vizuri wote hununua muhogo kwa mtu wanayemjua.

4. Mtsunga na mchicha wa nazi

Mtsunga ni mboga ya mwitu. Kiswahili wanaiita mchunga. Inaota yenyewe shambani baada ya mvua, majani marefu yenye meno meno, na ukivunja shina linatoa utomvu mweupe. Ni chungu, na uchungu ndio ladha yake.

Chuma fungu moja la mtsunga na mawili ya mchicha ama majani ya kunde. Osha mara tatu juu mchanga hauna heshima. Chemsha mtsunga peke yake dakika tano, mwaga maji, katakata. Kaanga kitunguu na thomu, tia mboga zote, chumvi, halafu nusu kikombe cha tui zito. Dakika tano tu, usiue mboga. Kamulia ndimu ukishatoa kwa moto. Kula na sima.

Usichume kando ya barabara ama kwa mtaro. Na kama hujui mmea, usijifunze kwa tumbo lako. Enda na mtu anajua. Mimi nilikuwa napita juu ya mtsunga miaka yote nikienda shule, na nilikuwa siwezi kuutofautisha na magugu. Nyanya alinionyesha mara nne kabla nishike.

5. Viazi karai

Hii ni snaki ya jioni, ile ukipita Kombani harufu inakushika shati.

Viazi 6 vya kawaida, unga wa ngano kikombe 1, unga wa dengu vijiko 3 vya chakula, manjano, chumvi, pilipili ya unga, dania iliyokatwa na maji.

Chemsha viazi mpaka viive lakini visipasuke. Menya, kata nusu. Koroga unga na viungo na maji mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Chovya kiazi, kaanga mpaka kishike rangi ya dhahabu.

Bila ukwaju hujamaliza. Loweka ukwaju kwa maji moto, finyanga, chuja, weka pilipili, chumvi na sukari kidogo, chemsha dakika chache ishike. Mimina juu.

6. Bhajia za kunde

Kama unataka nguvu bila nyama, hapa ndio mahali.

Loweka vikombe 2 vya kunde kavu usiku mzima. Asubuhi zisugue na mikono ndani ya maji, maganda yataelea, yamwage. Saga ama twanga kwa kinu bila maji mengi, iwe nzito na ya chenga kidogo. Changanya na kitunguu, thomu, pilipili, dania, binzari nyembamba na chumvi. Piga na mwiko dakika tano mpaka iwe nyepesi, hiyo hewa ndio inafanya zisikae kama mawe. Tengeneza vidonge, kaanga kwa moto wa wastani ndio ndani paive.

Hakuna yai hapa. Kunde zinashikana zenyewe kama hukuweka maji mengi.

7. Krips za muhogo

Zile wanauza pale Mama Ngina kwa karatasi, na pilipili na ndimu. Menya muhogo mtamu, si ule mchungu. Parua vipande vyembamba sana, loweka kwa maji ya chumvi nusu saa, mwaga, kausha na kitambaa mpaka maji yaishe kabisa. Kaanga kidogo kidogo kwa mafuta moto. Vikiacha kutoa povu, vimeiva. Nyunyizia chumvi na pilipili ya unga ikiwa bado moto, ndimu wakati wa kula tu, la sivyo zitalainika. Kwa mkebe uliofungwa zinakaa siku kadhaa, kama mbogi yako haijui ziko wapi.

8. Vitumbua

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku. Chuja, saga na kikombe 1 na nusu cha tui, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai na iliki. Usage mpaka uwe laini kabisa, hakuna chenga. Funika saa moja au mbili mpaka juu pawe na mapovu.

Tumia kikarai cha vitumbua chenye vishimo. Weka mafuta kijiko kwa kila shimo, mimina, geuza kando zikikauka. Huna kikarai? Kikaango kidogo kitafanya kazi, vitatoka bapa na ladha ni ile ile.

9. Kashata za nazi

Vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha maji, iliki. Chemsha sukari na maji mpaka ishike vidole kama uzi. Tia nazi na iliki, koroga bila kuondoka mpaka iachane na sufuria. Tandaza kwa sinia uliyopaka mafuta, kata ikiwa bado na joto. Ukingoja ipoe utahitaji panga.

Ukitaka rangi, soma lebo. Rangi nyekundu yenye alama E120 inatoka kwa wadudu, so vegani hapo imeisha. Na cheki hii: bixa, ile mbegu nyekundu inatoa rangi ya chakula ya asili, inalimwa hapa hapa Kwale.

Mitego ya kuangalia ukinunua nje

Chapo nyingi za kibandaski ni unga, maji na mafuta, lakini wengine hupaka siagi ama samli. Uliza. Mkate wa kumimina kwa kawaida una yai. Kaimati wengine huweka maziwa ya mgando. Maharagwe yanaweza kuwa yamewekewa mchuzi wa nyama ndio yanukie. Viungo vya paketi navyo, geuza nyuma usome.

Na uliza kwa adabu. "Mama, samahani, hii imewekwa maziwa?" inakupeleka mbali. Usimwambie mama wa watu kuwa chakula chake ni kichafu juu ya falsafa umeipata wiki iliyopita.

Mwili wako: hapa usiruke

B12. Hii vitamini mimea haina. Mchicha hauna, nazi haina, mbaazi haina. Mwili huwa na akiba inayoweza kukaa hata miaka, so utajiona uko fiti halafu siku moja vidole vinakufa ganzi, kichwa hakishiki kitu, umechapa bila sababu. Ikikosekana muda mrefu inaharibu neva. Kama umekuwa vegani kabisa, meza tembe za B12 ama tafuta vyakula vilivyoongezewa. Hii haina mjadala.

Madini ya chuma. Kunde, mbaazi, pojo na mboga za majani zinayo, lakini mwili huyashika kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C inasaidia kuyafungua, so weka ndimu kwa mboga, kula embe, mumunya ubuyu. Chai inafanya kinyume, inayazuia. Kunywa chai saa moja mbali na chakula. Hapo ndipo mimi niliumia: kila mlo wangu ulikuwa na chai.

Unga. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa paketi wa mahindi na wa ngano uongezewe madini ya chuma, zinki na vitamini. Unga wa posho mili ya mtaa mara nyingi hauna hizo nyongeza. Si mbaya, jua tu.

Nazi na mafuta. Tui lina mafuta mengi ya ile aina ya kupandisha kolesteroli. Ukila nazi mchana, usiku chemsha pojo na nyanya tu. Na madishi za karai zisiwe za kila siku. Vegani pia anaweza kupata presha.

Ukiwa na mimba, unanyonyesha, ama unataka kulisha mtoto hivi, ongea na daktari ama muuguzi kwanza. Na kama unaona giza ukisimama, usingoje uanguke kwa foleni kama mimi. Enda upimwe.

Siku moja ya kula hivi

Asubuhi: mahamri mawili na mbaazi. Chai baadaye.
Saa nne: embe ama ndizi, na njugu.
Mchana: sima, mtsunga na mchicha, kachumbari ya ndimu.
Jioni: bhajia za kunde na maji ya ukwaju.
Usiku: wali na pojo.

Hiyo siku ina nafaka, jamii ya kunde, majani, matunda na mbegu. Hakuna kitu hapo hakipatikani soko la Kombani, na ukiwa Gikomba, Kawangware ama Kongowea vingi utavipata pia. Mbaazi ukizikosa, tumia pojo ama madondo. Madondo loweka na uchemshe mpaka yaive kabisa, yale mekundu yakiwa nusu mbichi yanachafua tumbo vibaya.

Kama pesa ni kidogo kabisa, anza na mbili: mbaazi za nazi na mboga ya majani. Pika sufuria ya mbaazi Jumapili, gawa, weka kwa friji ya jirani mwenye roho safi. Usiiache nje na tui ndani yake, kwa joto inachacha siku hiyo hiyo.

Ya mwisho

Kuna kitu moja sikuweza kukupa hapa. Ule mtsunga, nimekuelezea majani na utomvu, lakini maneno hayatoshi kuujua. Kuna mboga zingine nne nyanya huchuma nyuma ya nyumba zenye mimi bado nazichanganya, na majina yake nayajua kwa Kidigo tu. Mwezi uliopita goti lilimuuma akashindwa kwenda shambani, nikatumwa mimi. Nilirudi na kikapu, akakichambua pole pole, akatupa nusu. "Hii utakula ukitaka kunifuata," akasema, akicheka.

Sasa kila Jumamosi naenda naye, namshika mkono, yeye ananyoosha fimbo na mimi nachuma na kupiga picha. Majina nayaandika nyuma ya daftari yangu ya koleji, kurasa zilikuwa zimebaki nyingi.

We pia una nyanya, ama mama, ama jirani mzee anajua kitu. Piga simu leo, sema shikamoo kwanza, halafu uliza walikuwa wanakula nini siku zenye hakukuwa na nyama. Andika. Halafu pika, na ikitoka mbaya, pika tena.